Anataka Kuditachi

Treni haikuwa imefika hata kituo cha pili, na muuguzi aliyejisingizia usingizi dirishani alikuwa keshayajua yote ya msusi wa kiti cha mbele. Mchumba wake alikuwa amemwandikia ujumbe kwamba anahitaji "kuditachi". Kiingereza hicho kilimshinda, akamgeukia mama aliyekaa naye, fundi cherehani ambaye hawakuwa wakijuana, amfafanulie.

"Ni kukuacha, mwanangu."

"Angetaka kuniacha si angesema tu? Labda ni kupumzika."

Fundi akavua miwani. "Haya. Kilichobandikwa kinabanduliwa. Kilichochomekwa kinachomolewa. Kilichoshonwa kinafumuliwa. Sasa niambie, yeye alikuwa amekushikaje?"

Msusi akawaza mpaka kituo kizima kikapita. "Alikuwa ameniegemea."

"Basi hana cha kuditachi huyo. Wewe sogea tu."

"Na akianguka?"

Muuguzi nusura afumbue macho aseme mwache aanguke, lakini mtu aliyelala hachangii mazungumzo.

Treni ikasimama. Kipaza sauti kikakoroma kwamba behewa la nyuma, yaani lao, linaditachiwa hapo. Abiria wengine wakabeba mizigo na kushuka. Wale wawili wakabaki wakibishana kama neno ni lile lile, na muuguzi naye akabaki, maana hakutaka kuikosa hukumu. Mbele kukasikika mlio wa chuma, kisha treni ikaondoka. Behewa lao halikutikisika.

"Jamani!" msusi akapiga kelele dirishani. "Si wangesema tu kwamba wanatuacha?"

"Wameshasema, mwanangu," akajibu fundi.