Zamu ya Jumamosi

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Todd acha kuchungulia dirishani, lori lako halitaota miguu likaondoka. Kaa hapa ninapokuona. Lynette, inua huu mto kidogo, la, si hivyo, utanivunja shingo, haya, acha tu. Pumzi yangu imebaki ya kuokoteza, na nina maneno ambayo wakili hakutaka kuyaandika, ndiyo maana nayasema kwa mdomo, nanyi mtayabeba kichwani.

Nyumba hii ni ya Lynette, kwa sababu ndiye aliyerudi kukaa nami baba yenu Orville alipofariki, na asije mtu akamuuliza sufuria fulani ilikwenda wapi. Trekta ni la Todd, pamoja na ubovu wake. Kinachoninyima usingizi ni shamba la chini, lile linalopakana na la jirani yetu Verlyn Kvale. Roho yangu inakwenda na kurudi pale tangu theluji ilipoanza, nikilala nataka kukaa, nikikaa nataka kulala, mpaka Lynette amenitishia kunifunga kitandani kwa kamba ya ndama.

Nilitaka kumpa Verlyn shamba hilo. Sababu mnaijua, msijitie hamnazo, nimeibeba hapa ubavuni miaka yote hii. Figo zangu zilipokufa, nikawa napelekwa mjini kila mara kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu na kurudi nimelegea hata kahawa siitamani, wewe Todd ulipimwa na ukaonekana unafaa. Mimi ndiye niliyekukataza. Ulikuwa unabeba mizigo ya watu kwa lori na kulipwa kwa safari, bila safari hakuna mshahara, watoto wako walikuwa wadogo, benki imekukalia kooni kwa ajili ya nyumba, na madaktari walisema wiki sita usinyanyue kitu kizito. Nilikwambia usithubutu. Ukashukuru, kisha hukujisamehe kwa kushukuru, na yote mawili niliyaona usoni pako.

Ndipo Verlyn akaja jikoni kwangu, kofia mkononi, akanywa kahawa yake yote kabla ya kufungua mdomo, kisha akasema, "Ardis, mimi ninazo mbili, na moja imekaa bure tu." Basi. Watu wetu hawana maneno mengi, ukitaka zaidi ya hapo utangoja sana.

Na wewe Lynette, unayewafanyia watu wa mjini hesabu zao za kodi, ulimwambia asihofu, jimbo letu la Wisconsin halimtupi mtu aliyetoa kiungo chake: mafuta ya gari, hoteli kule Madison tulikopasuliwa, mshahara uliopotea, vyote vinatolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi. Sheria nzuri, na walioitunga Mungu awabariki. Lakini mwanangu, ulisahau unamhesabia nani. Mshahara upi? Verlyn hajalipwa mshahara tangu azaliwe, anakamua ng'ombe wake asubuhi na jioni, na bei ya maziwa mwaka ule ilikuwa ya kutia machozi. Ulipomaliza hesabu ukakuta mapato yenyewe ni kiduchu, hakuna kodi ya kupunguza. Walimpunguzia kodi ambayo hakuwa anadaiwa. Ulilia pale mezani, nakumbuka, na yeye mwenye kidonda ndiye aliyekubembeleza.

Fungeni hilo pazia. Hapana, liacheni wazi.

Ng'ombe hawajui habari za upasuaji. Majirani walifanya kama inavyofanyika huku siku zote, wakagawana zamu za kumkamulia. Hata mzee Engebretson, ambaye hakuwa anasemezana na Verlyn tangu ule ugomvi wa mfereji, alikuja, akakamua vizuri kabisa, akaondoka bila kumsalimia. Kisha ikafika Jumamosi, Verlyn akiwa bado hata ndoo haruhusiwi kushika, na zamu ilikuwa yako, Todd. Nilikaa kwenye dirisha hili hili nikiitazama barabara. Lori lako halikutokea. Nikasikia ng'ombe wanalia, unajua wanavyolia kiwele kikijaa, kisha taa ya banda ikawaka, na nikajua ni nani ameiwasha.

Mshono wa ndani wa Verlyn uliachia. Akarudishwa hospitali, akalala huko mpaka majirani nao wakachoka, na kabla majani ya kwanza ya kulisha mifugo hayajakatwa nusu ya ng'ombe wake walikuwa wamepakiwa kwenda mnadani. Ng'ombe aliowazalisha kwa mikono yake, akawapa majina. Hakuna mahali pa kuandika hilo kwenye karatasi za kodi.

Hajakutaja hata siku moja. Wewe ulisema ulipata safari ya Iowa, na huenda ni kweli, lakini mimi niliyekuzaa nasema ulishindwa kuingia kwenye banda la mtu aliyefanya kile ulichokatazwa wewe. Tangu hapo unamchukia. Mara mpaka, mara mbwa wake, mara eti analimezea mate shamba la chini. Unamchukia mtu ambaye hajakukosea lolote, mwanangu, na chuki hiyo imekuzeesha kabla ya wakati. Keti. Nimesema keti, Todd, sina nguvu ya kukufuata mlangoni.

Nilipomwambia wakili nataka kumwandikia Verlyn shamba, alivua miwani akaniuliza kama tuliahidiana kabla ya upasuaji. Nikamwambia hatukuahidiana hata kipande cha keki. Akasema hata hivyo, figo haiuzwi nchi hii, ni jela, na mtoto wako mmoja akisimama mahakamani akadai shamba lilikuwa bei, jina la Verlyn litaburutwa matopeni. Alisema "mtoto wako mmoja" huku anatazama dari, yule bwana ana adabu zake. Basi nikamwita Verlyn mwenyewe. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akaizungusha kofia, akaizungusha, kisha akasema, "Ardis, nilikupa. Usinigeuze muuzaji uzeeni." Nilikasirika, nikamwita kichwa kigumu. Akacheka, akatazama saa, akaenda kukamua.

Kwa hiyo shamba la chini ni lako, Todd, lote. Usinishukuru. Ungekuwa unajua nilivyohangaika usingefungua mdomo.

Lynette, wewe una kazi nyingine. Mbunge akija kukutana na watu pale ukumbi wa zimamoto, simama. Usimsimulie ushujaa wa Verlyn, watapiga makofi halafu waende makwao. Muulize nani atakamua. Mwambie nafuu ya kodi humfaa mwenye kodi, na asiye na mshahara wala kodi ya kupunguza naye atoe figo yake akijua kuna fedha ya kumlipa mtu wa kumshikia kazi mpaka apone. Hiyo si bei ya figo, ni kutomwacha na hasara mtu aliyetenda wema. Mwambie hivyo hivyo, na akikuchekea usikae.

Maji. Kidogo tu... Inatosha.

Todd, sogea. Nimemwambia mchungaji mazishi yawe Jumamosi, saa nane mchana. Hapendi saa hiyo, mwacheni anune. Verlyn atakuwa mmoja wa wabeba jeneza. Huyo mtu, harusi, ubatizo, msiba, hajawahi kumaliza sahani yake. Wakianza kumimina kahawa anachukua kofia, ng'ombe wanangoja. Hata siku tuliyomzika baba yenu aliacha mkate wake umeng'atwa mara moja. Siku yangu sitaki.

Mkishanishusha, kabla watu hawajateremka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula, wewe ondoka. Usimuage mtu. Mabuti yawe kwenye lori tangu asubuhi. Nenda bandani kwake ukamue, wote, taratibu, yule mwekundu wa mwisho anapiga teke. Watu watauliza mwana gani huyu anayekimbia mazishi ya mama yake. Waulize tu.

Na Verlyn... akae kwenye meza yetu, meza ya familia. Mpeni nyama, na vile viazi vya jibini, na keki... mwongezeeni. Atainuka, namjua. Lynette, utamshika mkono umwambie, "Kaa, Todd yuko bandani." Hivyo tu. Ataelewa.

Nipeni mikono. Baridi... ni mikono yangu au yenu? Mungu awape afya, wanangu, awape majirani, awalinde barabarani kwenye barafu... Lynette, umenitunza, upate wa kukutunza. Todd, sikukukasirikia. Hata ile siku. Nilikuonea huruma, nikanyamaza, basi.

Sasa chungulia dirishani, nakuruhusu. Taa ya banda lake... imewaka?

Haya. Jumamosi utaiwasha wewe.