Sauti ya Mwalimu Aluoch Isifutwe

Mgeni rasmi, Bi. Ndululu, mwakilishi wa wafadhili wetu. Wazazi na majirani: sisi wanafunzi wa kituo hiki cha kompyuta tumefurahi kukuona, mgeni wetu, hapa Gatina licha ya matope ya leo. Karibu, hapa ni kwako.

TULIKOTOKA
Kituo kilizaliwa katika kijiji cha Raila, kule Kibera, katika chumba cha mabati cha Mwalimu Aluoch. Mvua ikinyesha hatukusikiana, naye alicheka akisema, "Basi leo vidole ndivyo vitaongea." Nyumba zilipobomolewa, tulizisukuma kompyuta kwa mkokoteni hadi huku Gatina, Kawangware.

Kwa kuwa miongoni mwetu wapo wasioona, kama mwenzetu Elvis, mwalimu aliunda programu ya kufundisha kuchapa, akarekodi maelekezo kwa sauti yake mwenyewe. Ukikosea herufi anakwambia, "Pole pole, mtu wangu. Rudia." Mwaka juzi alitutoka. Sauti ikabaki.

TULIYOYAFANYA
Kompyuta kuukuu zilipoanza kufa moja moja, mlituletea laptopu mpya. Tunashukuru sana. Lakini programu ya mwalimu hufanya kazi kwenye toleo la zamani la mfumo endeshi wa kompyuta peke yake, lile alilolitumia yeye. Tuliweka toleo hilo kwenye laptopu mpya. Skrini iliwaka, ila mfumo haukuitambua sehemu ya sauti ya mashine. Elvis alivaa hedifoni akangoja. Mwishowe akauliza, "Ameanza?"

Wenzetu Wangila na Valary wakaamua kuliacha toleo lilivyo, wabadilishe kernel tu, yaani kiini kinachouwezesha mfumo kuzungumza na vyuma vya mashine. Wakatia kiini kipya ndani ya toleo la zamani. Skrini ikawa nyeusi.

"Wangila, tumeiua," Valary akasema.

"Zii, hatujaiua; kiini cha kwanza bado kiko. Turudie hicho, kisha tujaribu kingine."

Walijaribu kingine. Laptopu ikawaka, na Elvis akainua mkono tunyamaze. Akachapa. Akakosea makusudi, akatabasamu. Halafu akakosea tena.

CHANGAMOTO
Toleo hili halipati tena marekebisho ya usalama, na kiini kipya hakitibu hilo. Tunajua. Ofisi yako imetuarifu kwamba mashine zote zitafutwa na kuwekwa mfumo mpya kabla ya kuunganishwa na intaneti. Hatubishi. Vijana wanatafuta kazi, na kazi nyingi ziko mtandaoni.

Tumejaribu kurekodi masomo upya kwa ajili ya mfumo huo. Valary alisoma vizuri, wadogo wakampenda. Sisi tuliotoka Raila, tuliozoea sauti ya mwalimu, tulijikuta nje, kila mtu akiangalia upande wake.

OMBI
Mgeni rasmi, tuachie laptopu moja tu bila kuifuta, hata isiunganishwe popote. Na ukimpata mtaalamu anayeweza kuihamishia programu hiyo kwenye mfumo mpya, mlete; tutamkaribisha kwa chai na chapati. Wanafunzi wanaojiunga sasa hawakumjua mwalimu wetu. Tungependa wakutane naye.

Mungu akufikishe salama, akujalie nawe watu wa kukukumbuka kwa wema.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kituo cha Kompyuta, Gatina.
Imesomwa kwa niaba yao na Billy Oluoch.