Bi Masikio Anunua Kamera Mpya (na Pia Anastaafu)

Wafanyakazi wote, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, wanaarifiwa kwa heshima na mshtuko mkubwa kwamba Bi Masikio wa chumba cha picha amenunua kamera mpya. Narudia kwa faida ya waliokaa nyuma: amenunua kamera mpya. Tunaomba utulivu.

Habari ya pili, ambayo ingekuwa ya kwanza kama mshtuko ungetuachia akili zetu, ni kwamba tarehe thelathini ya mwezi huu Bi Masikio anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya vitambulisho kwa miaka thelathini na moja. Hilo tulilijua. Lilibandikwa ubaoni, tukalizoea, na wengine wakaanza kunong'onezana nani atarithi feni yake. Lakini kamera? Mimi, karani wa masjala, mlango wa pili kutoka kwake, niliposikia nilimwaga chai juu ya faili la mwananchi aliyekuwa amesimama mbele yangu akinitazama.

Kwa waliohamia kwetu juzi, jina hilo hakupewa na wazazi. Amepewa na mji mzima, kwa sababu hakuna mtu mzima hapa ambaye hajaketi kwenye kile kigoda chake akaambiwa: "Kaa wima. Tazama mbele. Usicheke. Masikio yaonekane." Huko sokoni wauza nyanya humwita hivyo bila kumkosea adabu, naye huitika bila kugeuka.

Aliajiriwa akiwa msichana wa mapokezi, kazi yake kuwaonyesha watu mlango. Mpiga picha wa wakati huo alipougua, akaombwa ashike kamera kwa wiki moja tu. Wiki hiyo inaisha mwezi huu.

Chumba chake tunakijua sote: ukuta mweupe unaopakwa rangi kila mwaka, pazia zito lililofungwa daima kwa sababu jua, kwa maneno yake, ni fundi asiyefuata maelekezo, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisitembee, na lile koti jeusi kwa ajili ya wanaokuja na fulana. Ukikusanya vitambulisho vya mji huu ukavipanga mezani, utadhani tulizaliwa na mama mmoja aliyetununulia koti moja.

Ni yeye aliyewakamata wale pacha, mmoja alipokuja kupigwa picha mara mbili ili mwenzake asikose siku ya kazi. Akamwambia, "Wewe sikio lako la kushoto limekunjamana juu. Mwambie ndugu yako aje na la kwake." Na ni yeye aliyemrudisha Mkurugenzi wa zamani mara mbili siku moja: mara ya kwanza kwa miwani ya jua, mara ya pili kwa tabasamu. Mimi mwenyewe katika kitambulisho changu ninafanana na mtu aliyepigiwa honi mgongoni. Nilipolalamika alinijibu kwa upole kwamba kamera haiongezi wala haipunguzi, kaka, nenda ukamuulize mama yako.

Sasa muelewe kwa nini tuliduwaa. Kamera ya ofisi, ile iliyokuja tulipoacha filamu, imezeeka kuliko baadhi ya wanaopigwa nayo picha. Kifuniko cha betri kimeshikwa kwa plasta ya kidonda. Taa yake kabla ya kuwaka hukohoa. Kila bajeti ilipokaribia, mtaalamu wetu wa kompyuta alimfuata na picha za kamera mpya, na kila mara aliulizwa swali lilelile: "Kwani sura za watu zimebadilika? Pua imehama?" Akarudi zake amenywea.

Bi Masikio huyohuyo ndiye aliyeingia masjala siku moja, akafunga mlango, akaketi juu ya rundo la majalada yanayosubiri saini, akaniambia, "Kaka, wewe husafiri. Kamera ya safari ikoje?"

Nilishika meza. Ni kweli mimi husafiri, kila likizo naenda kwa wakwe, na hurudi na picha nyingi za mashemeji kuanzia shingoni kushuka chini. Kuombwa ushauri wa picha na Bi Masikio ni sawa na kuombwa na nahodha umwoneshe maji yako wapi. Nikamuuliza kulikoni, ndipo akanieleza jambo ambalo amenipa ruhusa kulieleza hapa.

Kitinda mimba wake, aliyeolewa mbali, aliomba picha ya wazazi aitundike sebuleni. Bi Masikio akafungua makabati, akafungua masanduku, akainua hata magodoro. Mpiga picha wa mji mzima nyumbani kwake hakuwa na picha ya mumewe hata moja, isipokuwa ya kitambulisho. Na yake pia ni hiyohiyo. Akazikuza zote mbili, akazitia fremu nzuri, akazituma. Zilipotundikwa, mjukuu wake wa miaka minne alisimama mbele ya picha hizo muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, hawa walifanya nini?"

Binti alimpigia simu amsimulie kama kichekesho. Bi Masikio naye alicheka, akaaga, akaweka simu chini, akabaki ameketi kitandani.

"Mume wangu ana kicheko, kaka," aliniambia pale juu ya majalada. "Akicheka hushika ukuta. Hakijahifadhiwa mahali popote. Siku akiondoka, watoto watabaki na yule mtuhumiwa."

Mumewe ni fundi cherehani, anashonea barazani kwao, na sote humwita Shemeji. Mpango ukawa huu: mara tu baada ya kustaafu, wiki mbili za mapumziko, wao wawili, kwa treni hadi ziwani na kutoka huko hadi milimani, na kurudi na picha ya Shemeji akicheka. Shemeji alikubali nusu ya mpango. "Safari nakwenda," alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Kupigwa picha nilishapigwa."

Tulikwenda dukani pamoja. Dada wa dukani alitupokea vizuri, akatupangia kamera kwenye kaunta, akaanza kueleza: hii lenzi yake inavuta mbali, hii haiingiwi na vumbi, hii inaona hata gizani. Bi Masikio alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hii inampata mtu anayetikisika?"

"Inampata, mama."

"Na akicheka?"

Dada yule alinitazama kama anayeuliza nimemtoa wapi huyu. Nikatazama dari. Akasema ndiyo, mama, hata akicheka. Bi Masikio akaomba ahakikishiwe, ikabidi mimi nicheke mbele ya wateja wote mpaka ikathibitika.

Tangu siku hiyo chumba cha picha kikageuka chuo. Mtaalamu wa kompyuta, kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka, alimfundisha betri ya ziada, kadi ya ziada, mkanda wa shingoni, na kwamba picha nzuri za safari hupatikana asubuhi na jioni jua likiwa limelala. Hapo mama wa watu alishtuka. Ina maana jua lina faida? Akaenda akafungua pazia. Mlinzi alikuja mbio akidhani tumeibiwa. Juma lililofuata Bi Masikio alimpigia simu mkata tiketi wa treni kumuuliza ziwa huwa upande gani wa behewa, akaamua Shemeji atakaa dirishani asubuhi ili mwanga umguse shavuni. Nimeona harusi zilizopangwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Kwa niaba ya ofisi, basi, natoa shukrani. Bi Masikio amewapa sura wajawazito, wazee, mabubu, walevi na wakurugenzi, wote kwa kigoda kimoja na sauti moja. Hakuna aliyerukishwa foleni kwa sababu ya cheo. Hakuna bibi aliyetoka mle hajatengenezewa ukosi. Wengi wetu, tukiondoka duniani, picha itakayowekwa mbele itakuwa ile aliyotupiga yeye, na hata kama tunaonekana kama tumevunja duka, angalau tunaonekana.

Ningeishia hapo na kuwatakia chakula chema. Lakini korido zetu zina midomo, na tangu Jumamosi ile ya majaribio kumezagaa uvumi kwamba Bi Masikio alitupa kamera bwawani, kwamba Shemeji amemkimbia, kwamba safari imevunjika, na kwamba mimi niliopolewa na kikosi cha zimamoto. Kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa suruali yangu ndiyo iliyoumia, naeleza yaliyotokea kweli.

Tulikwenda bustani ya bwawani, sisi watatu, ili Bi Masikio ajaribu kamera kabla ya safari. Alikuja na begi, na ndani ya begi alikuwa na shuka jeupe. Nilidhani ni la kukalia. Kumbe ni la kutundika nyuma ya vitu. Akapiga ua la kwanza mbele ya shuka: limesimama katikati, limenyooka, limenuna. Akampiga bata. Bata hakutaka kutazama mbele, akafukuzwa.

Kisha ikafika zamu ya Shemeji. Shuka likafungwa uzioni upande mmoja, upande wa pili nikapewa mimi nilishike. Shemeji, ambaye tulimbembeleza kwa soda mbili, akasimama. Lenzi ilipomwelekea tu, bila mtu kusema neno, akavua kofia, akafunga mdomo, akanyoosha mabega, akageuka yule mtuhumiwa. Hata hakuamrishwa!

Bi Masikio akashusha kamera. "Baba, kaa kawaida."

"Hivi ndivyo nikaavyo."

"Cheka kidogo basi."

"Ulinikataza."

"Lini?"

"Tangu uchumba."

Hapo ndipo upepo ulipovuma. Mnajua umbo langu. Hakuna anayetarajia kwamba linaweza kupeperuka. Shuka lilijaa hewa, likanivuta hatua kadhaa ukingoni mwa bwawa huku nikiita watu, likanifunika kichwa, nikaketi kwenye tope kwa kishindo ambacho bata wote walikisikia. Kutoka ndani ya shuka nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilipojifunua, Shemeji alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, ameinama, machozi yanamtoka, anacheka kama mtu anayeomba msaada.

Na nikasikia kamera: kacha.

Bi Masikio alikuwa amempata. Aliitazama picha kwenye kioo cha kamera, na mimi nikiwa palepale topeni niliona uso wake ukifunguka kama pazia lile. Kisha kidole gumba chake kikasogea, kikabonyeza mara mbili, na uso ukafa.

"Nimeifuta," alisema.

Hatukumwelewa. Akarudia polepole, kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. Miaka yote hiyo, mtu akicheka au akifumba macho, picha hufutwa hapohapo na kupigwa nyingine. Ndiyo kanuni ya kazi. Kidole hakikumuuliza. Kiliona meno, kikafanya kazi yake. Aliketi kwenye nyasi na kamera mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Bi Masikio alilia. Hakulia kwa kelele. Alikitazama tu kile kidole.

Nilijitolea kuanguka tena. Nasema ukweli, nilikuwa nimeshaanza kulikunjua shuka. Shemeji akanizuia, akasema mara ya pili itakuwa maigizo. Tukampigia simu mtaalamu wa kompyuta, naye akapiga kelele tusiguse kadi, huenda angeweza kuirudisha, tumletee sasa hivi. Nikamtazama Bi Masikio. Bi Masikio akamtazama mumewe.

Shemeji alijishusha kwa shida akaketi karibu naye. "Mama, uliniona?"

"Nilikuona."

"Mimi nilidhani ukishika hicho kidude huwa hunioni." Akajifuta macho kwa kofia. "Mwambie huyo wa kompyuta aache. Hiyo ni ya huyu bwana na tope lake. Yangu utaipiga huko tuendako. Nitacheka, si umesikia bado ninacho?"

Kisha akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kastabini yake, ile kofia ndogo ya chuma mafundi wanayovaa kidoleni wasichomwe na sindano. Akauchukua mkono wa mkewe, akamvisha kwenye kidole gumba, akaigonga mara moja kuona kama imekaa.

"Na hii usiivue mpaka turudi," alisema.

Jumatatu Bi Masikio alikuja nayo kazini. Waliopigwa picha juma hili wameiona, na wengine wamedhani ameumia. Hajaumia. Kamera haikutupwa, ndoa ipo, treni inaondoka tarehe mbili, na ukumbi wote unamwambia Bi Masikio: tumeshukuru, mama, nenda na Shemeji wako salama, na maisha yawe mema kwenu siku zote mtakazokuwa hamna haraka ya kurudi.