Nguzo Saba Alizoziacha Kapteni Nancarrow Chini ya Bahari

Ndugu waombolezaji, wachimbaji wa mgodi wa Wheal Zillah, majirani wa Trevennack na wageni mliotoka mbali, familia imemteua Digory Bolitho, shemeji yake marehemu, kuwasomea historia hii, na kwa kuwa nusu ya kanisa tayari inamcheka chinichini, afadhali jambo lenyewe lisemwe sasa kabla halijakuzwa zaidi. Alhamisi jioni huyo Digory alishuka kwenye gari la moshi akitokea Cardiff, mvua ikimpiga usoni, akaupita mlango wa dada yake, mjane wa marehemu, bila kuutambua, maana nyumba za mtaa wetu zinafanana kama meno, akaingia nyumba iliyofuata, akamkumbatia mama mmoja aliyekuwa anakanda unga, akalia begani mwake kwa sauti, akimsihi ajikaze, kwamba mume wake alikuwa mtu mwema na sasa amepumzika. Mama huyo alikuwa Tamsin Trembath, na mumewe Zacky akatokea jikoni na povu la kunyolea mashavuni, mzima kabisa, akasema, "Bado, Digory. Nipe mpaka Jumatatu."

Tamsin hakucheka. Kwa nini hakucheka, mtaelewa tukifika huko. Kwanza tuanze pale historia ya mtu inapoanzia.

Marehemu Jabez Nancarrow, ambaye sisi sote tulimwita Kapteni, kama wakuu wa migodi wanavyoitwa hapa kwetu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1869 hapa hapa Trevennack, mtoto wa nne wa mzee Hannibal Nancarrow, mchimbaji, na mama Grace, aliyekuwa akiponda mawe ya bati pale juu ya mgodi, na husemwa kwamba uchungu ulimshika nyundo ikiwa mkononi, akamalizia jiwe alilokuwa nalo kwanza. Alisoma katika shule ya kanisa hili, akashuka mgodini na baba yake, na baada ya miaka kadhaa ya kuchimba mchana na kusoma jioni akajiunga na chuo cha madini cha Camborne, alikohitimu uhandisi mwaka 1892. Mwaka uliofuata alikwenda Johannesburg kwenye dhahabu, na mwaka 1898 akavuka kwenda Pachuca, Mexico, kwenye fedha, ambako alipewa msaidizi wa kumshikia vipimo, naye msaidizi huyo, ambaye kwa bahati mbaya ndiye anayewasomea, katika wiki yake ya kwanza aliiangusha darubini ya kupimia ardhi ndani ya shimo la mgodi, wakasimama wote wawili wakiisikiliza ikienda. Jabez hakumfokea. Alimuuliza tu, "Digory, huko kwenu hakuna mtu anayeweza kushika kitu kikakaa mkononi?" Digory akajibu, "Yupo. Dada yangu." Hivyo ndivyo ndoa hii ilivyoanza.

Lakini kabla ya ndoa lilitokea la Pachuca, na ingawa marehemu hakulizungumza, familia imeona lisemwe leo. Wenye mgodi ule waliagiza nguzo zipunguzwe, yaani ile miamba yenye madini ambayo wachimbaji huiacha imesimama ili ishikilie dari, Jabez akakataa, nao wakampeleka kupima kilima kingine na kumpa kazi hiyo mtu mwenye kukubali. Tarehe 9 Septemba 1901 yeye na Digory walikuwa wanakunywa kahawa kibandani, juu kabisa, na hawakusikia mlio wowote, waliona tu kahawa ikitetemeka vikombeni, kisha mdomo wa shimo ukashusha pumzi moja ndefu, na kofia za watu waliosimama pale zikaruka zote kwa pamoja. Dari ilikuwa imeanguka, na chini walikuwamo wanaume thelathini na mmoja. Tangu siku ile Jabez akawa mtu wa kusikiliza dari, popote alipokuwa, hotelini, melini, hata kwa watu, angeinua kijiko, akanyamaza, akatazama juu, na chakula kikapoa.

Tarehe 6 Juni 1903, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Loveday Bolitho, na wazee waliokuwepo wanakumbuka mchungaji alivyomuuliza kama anamkubali, naye bwana harusi yuko kimya, macho yako darini, mchungaji akarudia, kimya, hadi bibi harusi alipomvuta mkono na kusema, "Hiyo ni mbao inakauka, Jabez. Nijibu mimi kwanza." Mungu aliwajalia watoto wawili, Wilmot, ambaye ni mwalimu huko Truro, na Petrok, ambaye yuko hapa hapa mgodini, kikosi kimoja na Zacky Trembath.

Mwaka 1906 marehemu alirudi nyumbani akiwa mhandisi wa Wheal Zillah, na kile chumba kikubwa kilicho mbali kabisa na nchi kavu, ambako mgodi wetu unapita chini ya bahari, ni yeye aliyekipima na kukichimbisha, na ni yeye aliyeacha ndani yake nguzo saba, nene, zenye bati lililo bora kuliko yote tuliyowahi kutoa. Ninyi mnaoshuka mnajua kulivyo kule wakati wa dhoruba, majabali yanavyobingirika juu ya vichwa kama mtu anayehamisha kabati ghorofani, na mnajua kwamba kila mwaka wenye hisa wa London waliulizia nguzo zile, na kila mwaka Kapteni akajibu kwamba hiyo si akiba, hiyo ni nyumba. Mwaka 1913, walipozidi kuuliza, aliwaalika. Alichagua siku yenye upepo wa kusini-magharibi, akawashusha waheshimiwa watatu mpaka chumbani, akawakalisha juu ya mbao, akawapa kila mmoja andazi lake la nyama na viazi, kisha akawaomba wazime mishumaa. Mmoja wao akauliza, "Hicho ni nini?" Kapteni akasema, "Bahari, bwana." Yule akauliza, "Iko upande gani?" Zacky, aliyekuwa mwongozaji wao, akamshika mkono gizani, akakinyoosha kidole chake juu. Andazi moja lilirudi halijaumwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza tena.

Kuanzia mwaka 1924 marehemu alianza kusumbuliwa na kikohozi cha vumbi, kile tunachokijua nyumba zote humu, na vuli ya 1926 alilazimika kuacha kazi, nafasi yake ikashikwa na Bwana Averill, meneja aliyeletwa na wenye hisa, na ambaye tunashukuru kumwona leo kiti cha pili kutoka mbele. Kitanda cha Kapteni kilisogezwa dirishani. Alilala akiwa ameweka kiganja ukutani, na Petrok alipotoka zamu alimweleza ya chini, naye akauliza kuhusu matone ya darini, kwani alikuwa na desturi ya kuyaonja na kuwaonjesha wengine, akisema yakiwa matamu ni maji ya mwamba, yakibadilika mtoke. Shemeji yake aliwahi kuonjeshwa, akatikisa kichwa kama mtaalamu, na hakuwa ameonja ila matope. Mwezi wa kwanza mwaka huu Petrok alimwambia baba yake kwamba kwenye nguzo ya tatu matone yana chumvi. Wiki hiyo hiyo nguzo ya kwanza ilipigwa alama ya chokaa kwa amri ya Bwana Averill, na kikosi cha Zacky kikaambiwa kijiandae kuanza kuikata Jumatatu ya tarehe 20 Februari, yaani kesho kutwa, ile Jumatatu aliyoitaja Zacky.

Baada ya hapo Kapteni hakuwa na swali lingine. Kila alipoamka aliuliza, "Wameanza?" na Loveday akamjibu, "Bado." Jumanne ya tarehe 14 Februari 1928, asubuhi, bahari ikiwa imechafuka, aliuliza tena, akajibiwa vile vile, akageuza uso ukutani kana kwamba anasikiliza kitu kilicho mbali, na mke wake alipomgusa alikuwa ameshakwenda.

Familia inamshukuru daktari Opie, aliyekuja kwa miguu kila farasi wake aliposhindwa na kile kilima, inawashukuru majirani kwa keki za zafarani, ambazo Digory ameombwa mbele ya mashahidi awaachie na wengine, inamshukuru Tamsin Trembath kwa bega lake, na wachimbaji wote watakaopokezana jeneza na kuimba kutoka hapa mpaka makaburini. Lala sasa, Jabez, ushushe kijiko, ule chakula chako kikiwa cha moto. Dari tutakusikilizia sisi.

Limebaki la Bwana Averill. Tunamshukuru kwa maua, na kwa kufika jana nyumbani yeye mwenyewe kutoa pole, ambapo aliwakuta wanaume wa kikosi wamekaa sebuleni kando ya jeneza, akasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa wakati wake, kwamba bei ya bati haisubiri, na kwamba London inataka jina la mtu atakayetoboa tundu la kwanza kwenye nguzo. Akamtazama Zacky, Zacky akatazama buti zake. Akamtazama Petrok, akamwambia kwa upole kabisa kwamba lingekuwa jambo la heshima kama mtoto wa Kapteni ndiye angetangulia, na Petrok, ambaye ana mkopo wa nyumba na mtoto njiani, akafungua mdomo. Yatakayofuata kesho kutwa kila mwenye kushuka atajiamulia, familia haimsemei mtu, ila inapenda kanisa zima lijue kwamba mpaka tunaposoma hapa, London haijapata jina, kwa sababu kabla Petrok hajasema neno mama yake aliweka chini birika la chai, akamgeukia meneja, akamwambia, "Tangulia wewe."