Dume la Ushindi Mlangoni kwa Baba Hemal

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Uko Nkome unageuza dagaa, uko Geita umekalia kifusi chako, uko Kahama sokoni unafunga meza: sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Euphrasia Mihayo. Wengi mlimwita Mama Benjamini. Alikuwa mlezi wa timu ya baiskeli ya Kanyaga, ya Ngokolo, Shinyanga mjini. Amefariki wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi, na Jumamosi amezikwa kwao Ushetu.

Mlezi wa timu ya baiskeli, na baiskeli yenyewe hakujua kuiendesha. Msicheke. Au chekeni tu, mwenyewe alikuwa anacheka. Alijaribu mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya nyanya ya jirani. Tangu siku hiyo akasema kazi yake ni kusukuma watu, pedali wakanyage wenye miguu yao.

Mama Benjamini alizaliwa Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku. Akaolewa, akajaliwa mtoto mmoja, Benjamini. Mumewe akaenda Mwakitolyo kutafuta dhahabu. Mwaka wa tisini na moja duara likatitia. Duara, kwa ninyi msiokaa machimboni, ni shimo la kuchimbia dhahabu. Lilititia na mume akabaki humo. Mama akamshika mwanawe mkono, akahamia Ngokolo, akaanza kupika uji na maandazi kando ya barabara.

Hapo kando ya barabara ndipo alipoona jambo. Kila asubuhi vijana walimpita kwa baiskeli wakielekea machimboni, sururu zimefungwa kwenye keria. Walipita mbio, vumbi linabaki kwenye uji. Benjamini anakumbuka mama yake aliwatazama siku moja akasema, "Ona wanavyokimbilia kaburi. Mbio nzuri hivi zinaharibika bure." Alikuwa anaogopa. Benjamini naye alikuwa anaanza kuota ndevu, na marafiki zake wote walikuwa na sururu. Kwa hiyo nalisema wazi, kama mwenyewe alivyolisema: timu ya Kanyaga haikuanzishwa kwa kupenda michezo. Ilianzishwa kwa kuogopa duara.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Alianza na Benjamini, na Donatus, kijana mwenye mapaja kama magogo, na Mabula, mtoto wa jirani yake aliyeitwa Sikujua, na wenzao wachache. Sharti lilikuwa moja. Ukiingia Kanyaga, duarani hushuki. Lakini kijana lazima ale, na tairi lazima iishe. Bila mfadhili, sharti lile lilikuwa maneno matupu.

Shinyanga wakati ule timu zilikuwa nyingi na wenye maduka walishachoka. Ukiingia tu na barua ya kuomba msaada, mwenye duka anakumbuka ana kazi stoo. Mama Benjamini hakubeba barua. Alikwenda kwa Umesh, Baba Hemal, Mhindi muuza spea za baiskeli, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama, kama ni mchango, wiki hii wameshapita wengi," Umesh akawahi.

"Sikuja kuchangisha, Baba Hemal. Nimekuja kukuuliza. Tairi zako, watu wanaziamini?"

Umesh akapanga upya boksi ambalo lilikuwa limeshapangwa. "Wanasema za Mwanza ni imara zaidi."

"Basi nipe zako. Vijana wangu waende nazo Kahama na kurudi. Siku ya mnada nitaziegesha hapa nje na vumbi lake, kila mtu aje ashike."

"Na zikipasuka?"

"Zikipasuka nitaziegesha vilevile."

Umesh alicheka mpaka mkewe Nirmala akachungulia kutoka ndani. Tairi zikatoka. Na watu wetu mnawajua: bango hawalisomi, lakini tairi iliyotoka Kahama wataibinya, wataipiga ngumi, wengine wanainusa. Wateja wakaja. Umesh akaongeza cheni, akaongeza posho ya vijana, akawashonea jezi za njano zenye jina la duka mgongoni. Vijana wakishinda, mama anakwenda dukani kumwambia. Wakishindwa, anakwenda mapema zaidi, ili asilisikie kwa mtu mwingine. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Sururu zikashika kutu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Nane Nane, mwaka wa tisini na tano. Mbio kubwa, na zawadi ya mshindi ni dume la ng'ombe, jeusi, lenye nundu ya kujivunia. Akashinda nani? Akashinda Donatus, wa Kanyaga, kwa tairi za Umesh.

Wasikilizaji wapendwa, nani huku kwetu asiyejua maana ya kuchinjiwa ng'ombe? Mtu amekushika mkono wakati huna kitu. Siku ukipata, ng'ombe anachinjwa mlangoni kwake, si kwako. Hata asipokula, heshima imeshafika. Na Mama Benjamini alijua kabisa kwamba kwa Baba Hemal hawali nyama. Alijua. Ila alidhani ni tumbo. Wengine kwenye timu walidhani ni ubahili. Kule Ushetu alikokulia hakukuwa na Mhindu hata mmoja wa kumwambia vingine, na mjini hakuna aliyejisumbua.

Basi wakamvisha dume shanga shingoni, wakapiga ngoma, mtaa mzima nyuma. Wakamfunga kwenye nguzo ya baraza la duka. Mama Benjamini mwenyewe, kwa furaha, akainama akanoa kisu kwenye ngazi ya duka. Umesh alikuwa Mwanza kuchukua mzigo. Aliyetoka ni Nirmala, miguu mitupu. Akaona kisu, akaona dume. Alikwenda akamkumbatia yule ng'ombe shingoni, akafunga macho.

Watu wakacheka. Hilo ndilo Mama Benjamini hakuweza kulisahau. Watu walicheka, na yeye naye alicheka, akidhani ni mzaha wa mama mwenye furaha. Alipoona machozi yanashuka kwenye shanga za ng'ombe, akakiweka kisu chini. Akaona aibu, akaogopa, na bado hakujua amekosa nini. Mzee mmoja fundi cherehani wa barazani ndiye aliyemnong'oneza: "Kwao ng'ombe ni kama mama, Mama Benjamini. Umemletea mtu mama yake umchinje mlangoni."

Umesh aliporudi hakugomba. Afadhali angegomba. Alimwita Benjamini akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie mama jezi akae nazo, lakini zisivaliwe tena." Tairi zikakoma. Posho ikakoma.

Vijana wakamgeukia mama. Donatus ndiye aliyesema, na leo anakubali mwenyewe kwamba alisema kwa ukali. "Mama, mfadhili ameondoka. Na nyama nayo tusile? Dume nimelishinda mimi, kwa miguu yangu."

"Ni lako, mwanangu. Lakini tukimla huyu, hatutakuwa tena na maneno ya kumwambia yule mama."

"Maneno yanashibisha?"

Dume halikuchinjwa. Mnunuzi mmoja wa dhahabu akaja na baiskeli mpya, akasema ataichukua timu yote, mradi siku za kazi vijana wamchimbie. Mama akamkaribisha uji, akamkatalia. Mtaani wakamwita Mama Ng'ombe wa Mhindi. Donatus akafunga sururu kwenye keria, akaenda Mwakitolyo. Mabula akamfuata. Mama akabaki na Benjamini na wenzake wawili, na dume linakula.

Kila siku ya mnada alikwenda kwa Umesh, lakini si dukani. Alizunguka nyuma, mlango wa jikoni, akaketi chini. "Hodi, Mama Hemal." Mlango haufunguki. Anakaa kidogo, anaondoka. Wiki ijayo anarudi. Mtumishi wa nyumba ile alimwambia, "Mama, hatoki huyu." Akajibu, "Mimi sijaja atoke. Nimekuja ajue nipo."

Mvua za Novemba zikaja. Udongo wa Mwakitolyo ukalowa. Duara likatitia, na Mabula alikuwa ndani.

Wasikilizaji wapendwa, nilizungumza na Sikujua, mama yake Mabula. Sikutaka kumuuliza, akaniambia mwenyewe. "Nilimlaumu. Msibani nilimwambia mbele za watu: ungewachinjia tu lile dume wakala, mwanangu angebaki. Hakujitetea. Alikaa kwangu, akateka maji, akapika, mpaka matanga yakaisha. Nilikuwa simsemeshi na yeye anateka maji." Kisha Sikujua akasema, "Nimeshamsamehe zamani. Ila sijui kama yeye alijisamehe." Mimi pia sijui, na sitawadanganya kwamba najua.

Siku ya mnada iliyofuata, mama akaenda tena mlango wa jikoni. Safari hii hakupiga hodi, nguvu hazikuwepo. Aliketi tu. Mlango ukafunguka.

Nirmala akasimama pale. "Nimesikia," akasema. "Ni yule ambaye jezi ilikuwa kubwa kuliko yeye?"

"Ndiye huyo."

Nirmala akaketi naye chini, kwenye sakafu ile ile. Wakalia. Baadaye ndipo akauliza, "Yule ng'ombe, mlimla?"

"Yupo. Anavuta mkokoteni wa maji. Ana mdomo, anakula hata kamba za jirani. Mama Hemal, mimi sikujua. Nilikuwa nawapa kitu kikubwa kuliko vyote tulivyonavyo."

Umesh alikuwa amesimama kizani nyuma ya mlango wa duka. Ananiambia hivi: "Mke wangu alinitazama tu. Nikaenda kuchukua ufunguo wa gari."

Hakusema anarudisha ufadhili. Alimpakia Mama Benjamini kwenye pikapu, wakashika njia ya Mwakitolyo kwenye tope lile. Wachimbaji wakashangaa: Mhindi mwenye kandambili amesimama mdomoni mwa duara, anaita chini.

"Donatus!"

Sauti ikatoka huko chini. "Nani?"

"Duka la spea!"

"Nina deni gani?"

"Panda juu. Jezi yako inaliwa na nondo."

Donatus anasema alidhani ni hewa mbaya ya shimoni inamchezea. Akashika kamba, akapanda. Alifika juu akiwa tope kuanzia nywele. Mama Benjamini alimpangusa macho kwa kanga, akamwambia, "Wabeja, mwanangu." Yaani asante. Hakuna kijana wa Kanyaga aliyeshuka tena duarani. Nasema tena: hakuna hata mmoja aliyeshuka tena.

Tangu hapo, mama alibadili namna ya kutafuta wafadhili. Kabla hajaomba hata tyubu moja, alikwenda nyumbani kwa mtu, akasalimia wenyeji, akauliza swali moja: "Kwenu mwiko ni nini?" Alimuuliza Firoz wa kituo cha mafuta. Firoz akamwambia, Ijumaa mchana niko msikitini, ngoma zenu zisinifuate. Hazikumfuata, na mafuta ya gari la timu hayakukatika. Viongozi wa timu nyingine walimwendea awafundishe siri. Aliwaambia, "Ninyi mnajua mfuko wake tu. Mwenye mfuko hamumjui, atakaaje?" Wengine waliondoka wakisema mama huyu ana dawa.

Mwaka wa tisini na saba Kanyaga hawakushinda kitu. Tisini na nane, hivyo hivyo. Umesh hakuondoka. Firoz hakuondoka.

Jumamosi iliyopita Umesh na Nirmala walikuja Ushetu. Walikaa chini na wafiwa, kwenye majani. Vijana wa Kanyaga walikuwa wamevaa jezi za njano, na kila mtu alikuwa anawatazama na kunong'ona: mama amekwenda, sasa huyu bwana ana sababu gani tena? Donatus mwenyewe aliogopa. Anasema alikuwa anahesabu moyoni nani ataanza kurudi Mwakitolyo.

Umesh akanyanyuka, akamwendea Benjamini. Alishika mikono yake yote miwili. Akasema, na nilikuwepo, "Mmekaa mnajiuliza kama nitawaacha. Mimi tangu Shinyanga nimekuja nikijiuliza kama ninyi mtaniacha. Nani atakuja kukaa jikoni kwetu sasa?"

Donatus ndiye aliyejibu. "Tutakuja, baba. Mama Hemal apike chai nyingi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Benjamini, kwa mama Sikujua, kwa ndugu wote wa Ushetu na kwa timu ya Kanyaga, tunawapa pole. Poleni sana. Mungu amlaze mama mahali pema, na Mabula pia, ambaye wengi tulikuwa tumeanza kumsahau.

Nanyi mnaosikiliza, kila mmoja wetu ana mtu anayemshika mkono. Karo ya mtoto, mbegu, kazi, hata tairi. Tumezoea kumwendea tukiwa na shida. Kesho mwendee huna shida yoyote. Kaa naye. Muulize kwao mwiko ni nini, kisha nyamaza umsikilize.

Lala salama, Mama Benjamini.