Isale Kwenye Glasi ya Maji

Hapa Majengo, nje ya kibanda cha Seleman fundi cherehani, kuna benchi ambalo halijawahi kushindwa hoja. Seleman tunamwita Futikamba, maana hupima kila kitu, hata asichokijua. Mzee Eliufoo, mkulima anayeshuka kutoka Uru, huko mlimani, kila Jumamosi, ni Jaji. Tito fundi redio ni Chapta, kwa sababu ya riwaya zake. Wiki tatu sasa Hilda, mke wa Chapta, karudi kwao Uru, na mpango pekee wa mwenzetu ulikuwa kungoja sehemu ya pili ya riwaya ya mapenzi, aone Aristides anavyomrudisha mkewe Salvina, naye aige vilevile. Leo kaja amekimaliza kitabu, kakibamiza kwenye benchi mpaka kahawa ikamwagika. Iliniuma, ilikuwa ya kwangu.

CHAPTA: Jamani, nimepigwa! Salvina wa kitabu cha kwanza alikuwa mtu. Anauza ndizi, anabishana na mama mkwe, anacheka mpaka anashika mbavu. Huyu wa pili kurasa mia mbili ni kulia na kupika. Mbao tupu!

FUTIKAMBA: Samaki mmoja akioza, tenga lote linanuka. Na Aristides?

CHAPTA: Anatazama mlima. Kila ukurasa, mlima. Mwishoni ndiyo anampelekea isale kuomba msamaha.

JAJI: Hapo sawa. Jani la isale likishatangulia, nani wa huku atakataa kusamehe?

CHAPTA: Ngoja, mzee wangu. Salvina, binti wa Uru kabisa, kalipokea, kalitia kwenye glasi ya maji. Kama ua!

Jaji alivua kofia.

JAJI: Isale? Kwenye glasi?

CHAPTA: Juu ya meza. Eti linapendeza.

JAJI: Huyo mwandishi Kilimanjaro kauona kwenye kalenda!

FUTIKAMBA: Mbona rahisi hiyo? Kitabu cha kwanza kaandika mke wa mwandishi. Wamegombana, mama kaenda zake na kalamu. Ndiyo wahenga wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

JAJI: Inahusu nini?

FUTIKAMBA: Tulia, itakuingia.

JAJI: Sikilizeni hukumu. Huyu si Salvina, ni pacha wake aliyelelewa Dar. Isale atalijulia wapi?

FUTIKAMBA: Umepima sawasawa! Na Salvina mwenyewe kafichwa mlimani. Unadhani Aristides anatazama nini huko kila siku?

CHAPTA: Nyie chekeni tu. Mimi kesho napanda Uru. Nitamwambia nini Hilda? Kitabu kizima hakina hata mstari mmoja wa kuazima!

Mwantumu, jirani mpya aliyekuja kuchukua gauni lake kwa Futikamba, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

MWANTUMU: Shikamoo mzee. Samahani kaka Tito, siku anaondoka, dada Hilda alisemaje?

Futikamba aliliweka gauni chini. Jaji akachungulia kikombe chake. Hata mimi nilimtazama Chapta, kwa kuwa wiki tatu zote hizo hakuna aliyemuuliza.

CHAPTA: Alisema mengi.

MWANTUMU: Kama lipi?

Chapta alikichukua kitabu, akakifuta kahawa.

CHAPTA: Nilikuwa nasoma, dada. Nilikuwa nimefika pazuri.