Katoni ya Mapajani

Mbele yangu ndani ya basi, fundi wa taa za vioo alikuwa akibishana na shemeji yake, mtunza ghala. Fundi alisema: "Nikizifunga kwenye paleti za mbao, katoni arobaini hazitaingia kwenye kontena. Na wapakiaji watanipigia sasa hivi wanataka jibu."

"Usipozifunga, shemeji, huko zinakokwenda watazirusha moja moja kama matofali."

"Nimeandika 'Beba polepole' kila ubavu." Mimi niliyeketi nyuma yao nimepakua mizigo miaka tisa, sikumbuki kusoma ubavu wa katoni.

"Na hiyo uliyoipakata, mbona hukuipakia na zile nyingine?"

"Hii nataka ifike salama," alisema.

Basi likafunga breki kituoni. Akaikumbatia katoni kwa mikono yote miwili. Simu yake ikaanza kulia, na hakuwa na mkono wa kuipokea.